Calogero Hapangishiwi Chumba

Agrigento, 11 Februari 1962

Mkwe wangu Ornella,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, na yote ina unga, kwa hiyo ukiona karatasi imechafuka usidhani ni uzee. Sisi hatujambo. Mama yenu Concetta goti limevimba tena, naye ametangaza kwamba halitapona mpaka mje kumwona. Tanuri linawaka. Punda wa jirani amekufa, Mungu amrehemu, alikuwa na akili kumzidi jirani. Mimi mwenyewe nina miaka sitini na mbili na gunia la unga nalibeba kama bwana harusi anavyombeba bibi harusi. Waulize wanawake wa mtaa huu. La, usiwaulize.

Sasa nije kwenye jambo. Juzi aliingia dukani Pasquale fundi bomba, karudi likizo kutoka huko kwenu Torino. Akachukua mikate miwili, akaniambia, "Don Lillo, hongera! Mwezi wa saba unapata mjukuu." Nikacheka kama mtu aliyekuwa anajua zamani. Nikacheka mpaka akafika kona. Halafu nikakaa juu ya gunia.

Stefano hajatuandikia tangu mlipofunga ndoa. Nadhani kalamu za huko kaskazini ni nzito. Basi nakuandikia wewe, maana picha yako ya harusi inaonyesha mtu mwenye vidole vya kuandika.

Ni habari ya jina, nami siombi, kwa kuwa jambo hili kwetu haliombwi. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba wa baba yake. Babu yangu alikuwa Calogero, baba yangu Stefano, mimi Calogero, mumeo Stefano. Tunapokezana kama askari wa lango. Zamu ijayo ni yangu. Lillo wanaloniita ni ufupisho tu, maana mji huu ukisimama uwanjani ukaita "Calogero!" wanageuka wanaume thelathini na mbuzi mmoja.

Akizaliwa wa kike tutazungumza. Lakini hatazaliwa wa kike. Nimeliangalia tumbo lako kwa akili.

Baba mkwe wako,
Lillo Butticè, mwokaji


Torino, 3 Machi 1962

Baba,

Pokeeni heshima zangu, wewe na Mama Concetta. Lozi mlizompa Pasquale zimefika, isipokuwa zile alizokula njiani. Mimi ni mzima, nakula kwa watu wawili na bado nashona makoti ya watu wengine yanayonikaa vizuri kuliko langu. Barafu bado haijaondoka barazani. Stefano yupo zamu ya usiku pale kiwanda cha magari. Anasema ataandika Jumapili. Jumapili huwa anasema amechoka.

Nisamehe kwamba habari ya mtoto umeisikia kwa fundi bomba. Nilidhani Stefano alishakuandikia. Yeye alidhani nitadhani hivyo.

Kuhusu jina. Tumekuwa tukifikiria Massimo. Wasichana wa cherehani hapa kazini niliwaomba wajaribu kulisema lako. Mmoja alilisema vizuri, halafu akauliza kama linaambukiza. Nilimuuliza Stefano jina hili limetoka wapi, akasema, "Ni la kwetu huko," akavaa kofia akatoka. Nikaenda kwa padri wa parokia. Akafungua kitabu kikubwa, akapekua, akaniambia kweli yupo, tarehe 18 Juni, lakini ameandikwa kwa herufi ndogo.

Basi nakuuliza mwenye jina. Huyu mtakatifu ni nani? Nauliza kwa kutaka kujua. Sijasema ndiyo.

Mkweo,
Ornella


Agrigento, 19 Machi 1962

Ornella mwanangu,

Salamu za siku ya Mtakatifu Yosefu. Goti la Concetta limepungua, ulimi umeongezeka. Nimeoka tangu alfajiri na sasa nimekaa kukuandikia na nimeshaunguza sinia moja kwa ajili yako.

Herufi ndogo! Mwambie padri wako anunue miwani.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, la nne nililiona kupitia dirishani, lakini kwa habari hii muulize yeyote. Mtakatifu Calogero alitoka ng'ambo ya bahari, zamani sana. Wengine wanasema Konstantinopoli, wengine Karthago, na wote wanagombana. Alikuwa mweusi. Nakutumia kadi yake, utaona mwenyewe: mweusi kama mdomo wa tanuri langu, ndevu nyeupe, kitabu mkononi. Kaskazini watashangaa. Sisi hatushangai, ni babu yetu. Akaishi kwenye pango linalotoa mvuke, akaponya watu viungo, akazeeka mpaka swala jike wa porini ndiye akawa anamletea maziwa.

Halafu ikaja tauni. Watu wakajifungia ndani, wagonjwa wakaachwa wafe njaa. Yule mzee akapita mtaa kwa mtaa akiwaombea mkate. Hakuna aliyethubutu kumfungulia mlango, ila walimtupia mikate kutoka madirishani. Ndiyo maana mpaka leo, Jumapili ya kwanza ya Julai, tukimpitisha barabarani, yaani sanamu yake, tunamrushia mikate kutoka juu. Mimi nimewahi kumpiga mmoja wa sikio kutoka ghorofa ya tatu. Nani mwingine mji huu anaweza kusema hivyo?

Jina lenyewe ni la Kigiriki. Padri Gaspare wetu, aliyesoma mpaka akapata upara, anasema maana yake ni mzee mwema, na kwamba zamani kila mtawa wa pangoni aliitwa hivyo. Hilo mimi nalijua kabla yake. Mwaka 1920 nilifika Smirna, bandari yenye Wagiriki wengi, kwa meli ya ngano, nikawasikia Wagiriki wenyewe wakimwita mtawa wao vilevile. Nikageuka nikijua naitwa, akageuka na yeye, tukatazamana. Akanipa zeituni.

Kwa hiyo, anasema Padri Gaspare, huenda Calogero halikuwa jina lake kabisa. Aliitwa hivyo na watu waliomwona akifanya wema. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Nikamwambia, "Padri, umesoma miaka kumi na miwili ili uje kumnyang'anya mtakatifu wetu jina?" Akanijibu, "Lillo, nawe umeoka miaka hamsini na mkate wako bado mbichi katikati." Ndivyo tunavyopendana.

Sasa sikia. Kwetu mtu akiponywa kiungo huoka mkate wenye umbo la kiungo hicho akampelekea mtakatifu. Mwaka jana nilioka miguu mitano, matiti mawili ya dada mmoja na kitu kimoja cha mzee fulani, ambacho alikuja kukichukua kwa mlango wa nyuma, kimefungwa kwenye gazeti. Basi nimesimama kanisani mbele ya watu nikaweka nadhiri: mjukuu wangu jina lake, na mkate wa mtoto mzima, kichwa mpaka kisigino. Nadhiri ni nadhiri. Watu thelathini walinisikia, na nusu yao ni Calogero.

Massimo ni jina la sigara.

Lillo


Torino, 28 Mei 1962

Baba,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri. Mtoto anapiga mateke kama anatafuta mlango. Kadi ya mtakatifu imefika, nimeiweka kwenye droo chini ya mashuka. Nimeanza barua hii mara nne.

Stefano hajui nakuandikia haya, na akijua hatafurahi.

Alipokuja hapa alitafuta chumba miezi mitatu. Kwenye milango wanabandika karatasi: hatupangishi kwa watu wa kusini. Pasipokuwa na karatasi walimuuliza jina na alikozaliwa, halafu chumba kikawa kimeshachukuliwa. Alihesabu milango kumi na mmoja. Alilala kwenye benchi la stesheni, akaenda kazini, akarudi kwenye benchi. Hilo hajawahi kukuandikia, ndiyo maana hajakuandikia lingine lolote.

Hiki tunachokaa nilikipanga mimi, kwa jina langu. Mama mwenye nyumba, Madama Bosio, niliposema mume wangu anatoka kusini, aliuliza, "Kusini mwa wapi?" Nikasema Genova. Genova iko kusini mwa Torino, sikusema uongo. Tatizo ni kwamba Stefano akifungua mdomo tu, kila mtu anajua si wa Genova. Kwa hiyo hafungui. Mwezi wa kumi na nne huu mwanao ni bubu ngazini. Madama Bosio akimsalimu, yeye anagusa kofia na kutabasamu. Ameniambia, "Pole, mwanangu, lakini angalau ni mpole." Nyumbani, Baba, huyo mpole wako akiongea sufuria zinatikisika.

Sasa fikiria nimefungua dirisha kumwita mtoto achezaye uwanjani, "Calogero!" Ni kama kubandika cheti cha kuzaliwa cha Stefano mlangoni. Halafu shuleni. Halafu siku na yeye atakapotafuta chumba.

Mimi jina lako nimelipenda, hasa ile habari ya mikate madirishani. Lakini mtoto ataitwa Massimo. Stefano ndiye aliyeamua, na alipoamua aligeukia ukuta. Nadhiri uliweka wewe. Mtoto ni wetu.

Nikasirikie mimi, siyo yeye.

Ornella


Agrigento, 2 Julai 1962

Ornella mwanangu,

Nasikitika kwamba barua hii imechelewa. Nilikuandikia nyingine mbili kabla yake. Ya kwanza ilikuwa na matusi ya kutosha Torino nzima na vitongoji vyake, ya pili ilikuwa ya kuomba huruma, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Zote mbili nilizitia tanurini, zikaokea mikate.

Mimi nimezunguka dunia. Tripoli nimelala, Marseille nimefukuzwa. Huko ningekosa chumba nisingejali, ni ugenini. Lakini mtoto wangu kulala kwenye benchi ndani ya nchi yetu hii hii, na mimi hapa nawatambia wateja kwamba mwanangu anaunda magari! Concetta nilimsomea nusu ya barua. Nusu ya pili aliiona usoni mwangu.

Jana ilikuwa sikukuu. Mkate wa mtoto nilikuwa nimeshauoka, maana mtoto atazaliwa baada ya sikukuu na nyingine ni mpaka mwaka kesho, na Lillo Butticè hangoji mwaka. Kilo nne. Macho ya zabibu kavu, na chini nimeweka ushahidi kwamba ni wa kiume, nikaweka kwa ukarimu, ni wa ukoo wetu. Mwanzoni hata sikukumbuka kwamba mkate hupelekwa baada ya neema kupatikana, kamwe siyo kabla. Miaka hamsini nawaokea watu na sikukumbuka! Nilipotokeza nao mlangoni mabibi wote wakaangua kicheko. "Lillo, mtoto yuko wapi?" "Yuko njiani!" "Basi na mkate ungekuja naye!" Mmoja akaukagua akasema, "Huyu kwa babu yake amerithi uongo tu."

Nikapita katikati yao nimeubeba kama mtoto wa kweli. Mtakatifu akaja, watu wanamrushia mikate, wabebaji wamelowa jasho. Nikapanda juu ya jukwaa wanalombebea kama wengine wanavyopanda, nikamfuta uso kwa leso, nikamkumbatia shingo. Nikamwambia sikioni, "Mzee, ile nadhiri nimeivunja. Ni kosa langu, nisamehe mimi, wale usiwaguse. Wewe mwenyewe jina lako la kweli hakuna anayelijua na mpaka leo tunakubeba. Mwache na huyu apite na jina litakalomfungulia mlango." Nikamwachia mkate miguuni. Padri Gaspare alikuwa chini ananitazama.

Basi aitwe Massimo. Nimelijaribu huku nakanda unga, linasemeka. Mwambie Stefano baba yake kasema zamu yake ameipisha, kwa moyo mmoja. Na mwambie aandike, hata tusi.

Lillo


Torino, 10 Julai 1962

Baba na Mama,

Mjukuu wenu amezaliwa tarehe 4, saa nne asubuhi, kilo tatu na nusu, wa kiume. Mimi ni mzima. Nimemnunia mume wangu kwa siku nne na leo ndiyo kwanza naachia.

Nieleze. Mimi nilikuwa kitandani, na kuandikisha mtoto ni kazi ya baba. Ijumaa asubuhi nikampa Stefano karatasi nimeiandika kwa mkono wangu: Massimo. Akaiweka mfukoni, akanibusu, akaenda. Akarudi saa sita, kofia mkononi, na uso wa mtu aliyegonga gari la kiwanda.

Nikauliza, "Umemwandikisha?"

"Nimemwandikisha."

"Massimo?"

Akakaa kitandani. Haya ndiyo aliyonieleza. Karani alichukua cheti chake cha kuzaliwa, akasoma: Stefano, mwana wa Calogero. Akasimama. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, "Hebu njoo usikie, Calogero! Hili ni jina la mtu au la ugonjwa wa kondoo?" Wakacheka. Watu kwenye foleni wakacheka. Karani akachovya kalamu, bado anafuta machozi ya kicheko, akasema, "Haya, na huyu mdogo tunamwita nani?"

Mwanao, ambaye miezi kumi na mitano hajasema neno mbele ya mtu wa mji huu nje ya kiwanda, akasema, "Calogero."

"Unatania."

"Herufi nane. Nikutajie moja moja?"

Karani akaandika. Stefano akamwomba asome alichoandika, kwa sauti. Akasoma. Akamwambia arudie, wa nyuma hawakusikia.

Nilimtupia mto, kisha sahani, iliyokuwa na supu. Nikamwambia, "Tulikubaliana! Umemfanyia nini mtoto?" Akasema, "Najua, Ornella. Wamemcheka baba yangu." Halafu akasema tena hivyo hivyo, polepole, na mimi sikuwa na sahani nyingine.

Alasiri Madama Bosio akapanda na kofia ya sufu aliyomfumia mtoto. Akauliza jina. Mimi nikafungua mdomo kusema Massimo, nakiri, lilikuwa tayari ulimini. Bubu akanitangulia. Akamwambia jina la mtoto, la baba yake na la mji wake, kwa lafudhi yake yote, mpaka wapangaji wa ngazi za chini wakafungua milango. Madama Bosio akakaa kwenye kiti. Akasema, "Kumbe anaongea." Halafu akasema chumba anakihitaji mwisho wa mwezi wa tisa. Kofia ya sufu ameiacha.

Barua yako ya tarehe 2 imefika leo. Nilimsomea Stefano ulivyoipisha zamu, siku nne baada ya yeye kukuandika kwenye daftari la serikali. Alicheka. Nimemwambia kalamu hii hapa, mimi naenda kunyonyesha.

*Baba. Ana masikio yako. Tunamwombea. Milango ilikuwa kumi na mitatu, Ornella nilimpunguzia. Nisamehe kwa ukimya. Stefano.*


Agrigento, 18 Julai 1962

Ornella na Stefano, wanangu,

Concetta anakusalimuni, na leo hajataja goti.

Mambo ya lazima kwanza. Pasquale fundi bomba ana binamu huko kwenu anayekaa jengo karibu na mto, wote ni watu wa huku, na mwezi wa tisa kinaachwa chumba na jiko. Nimeshampigia simu kutoka posta, nikapiga kelele mpaka nadhani angenisikia bila simu. Chumba ni chenu. Ngazini tayari wapo Calogero wawili, huyu mtamtafutia ufupisho. Mimi na Concetta tunakuja na treni mwezi wa kumi. Madama Bosio mrudishieni ufunguo kwa adabu na mpelekeeni mkate. Mwanamke aliyeacha kofia bado hajamaliza kufikiri.

Sasa barua yenu. Nilipoipokea nilisimama mlangoni kuwasomea wateja kwa sauti, kama ninavyofanya siku zote nikiwa na la kujisifu. Nikasoma kilo, nikasoma masikio. Nilipofika kwa karani sauti ikakataa. Mimi! Nikajifanya ni moshi. Nikaacha duka wazi, nikaenda kanisani, nikampa Padri Gaspare barua, nikamwambia, "Nisomee, miwani nimeisahau." Sina miwani, naye anajua.

Akanisomea, mbele ya mtakatifu, mabibi watatu wa rozari wakiwa benchi la mbele wanajifanya hawasikii. Akasoma mpaka pale foleni nzima wanacheka. Shingo ikamwiva nyekundu mpaka kwenye upara. Kisha yule msomi wa Kigiriki, aliyenikemea miaka thelathini kwa ulimi wangu, akamtaja karani wa Torino, na mama yake, na alichozaliwa nacho, kwa neno moja la bandarini ambalo mimi mwenyewe nililisikia Marseille tu, na mara moja tu. Silirudii hapa. Watu wa posta hawajanikosea kitu.

Na wale mabibi watatu wakaitikia, "Amina."

Calogero Butticè, yule mkubwa